Fundi Miwaya arudi ukweni

Saa tatu asubuhi, Fundi Miwaya yuko juu ya ngazi sebuleni kwa mama mkwe wake, bisibisi kiunoni, anavuta waya kutoka darini. Chini, bibi kizee ameing'ang'ania ngazi kwa mikono miwili utadhani itakimbia.

"Mama, huko chini umelala?"

"Nilale uniangukie? Hebu fanya kazi yako!"

Ukiwaona hivi, kama nilivyowakuta mimi mwandishi, huwezi kuamini kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini hawa hata salamu hawakupeana.

Enzi hizo fundi alikuwa mfanyakazi wa ndani. Alipokuwa mjamzito alipimwa kliniki, akakutwa na virusi vya Ukimwi. Mumewe hakupimwa; angepimwa wapi, na kliniki hakanyagi? Basi aliyepimwa kwanza ndiye aliyeonekana kauleta ugonjwa. Mtoto alizaliwa salama, lakini mume alipofariki, mama mkwe alimfukuza, akasimama uani akatangaza: "Huyu kakanyaga miwaya, kaniulia mwanangu!"

Kukanyaga miwaya, kwa lugha ya mtaani, ni kupata Ukimwi; basi mtaa mzima ukamwita Miwaya.

Kazini nako kukawaka moto. Bosi wake, Mzungu, meneja wa kiwanda, alikuwa anaumwa ugonjwa uleule. Yeye alipandishwa ndege kwenda kwao kwenye dawa, akarudi na mashavu yake. Mfanyakazi wake alikabidhiwa kikombe chake, sahani yake na mshahara wa nusu mwezi, akaambiwa aondoke.

"Roho iliniuma, nisiseme uongo," anasema. "Ugonjwa mmoja, nyumba moja. Mwenzangu anatibiwa, mimi naambiwa nikajiandae kufa!"

Hakufa. Dawa za bure zilipofika kliniki alikuwa kabaki mifupa. Akazimeza, akasimama, akaenda kujifunza umeme. Kwenye sanduku la vifaa akaandika lile tusi.

"Nikaona jina lenyewe zuri kwa biashara," anacheka. "Mimi nakanyaga waya kila siku, tena nalipwa!"

Mwezi uliopita taa zilimzimikia bibi. Akauliza majirani fundi mwaminifu, wakamwambia ampigie Miwaya. Alidhani ni jina la kazi tu, la mtu wa nyaya; hakushtuka mpaka alipofungua mlango.

"Nikajua nafukuzwa mara ya pili," anasema fundi.

Bibi hakumfukuza. Akiwa bado ameshika komeo, akamweleza ukweli wote.

"Mwanangu alianza kuumwa kabla hajamuoa huyu," ananiambia mimi pia, machozi yakimlengalenga. "Nilijua. Nikamfichia mwanangu, nikamtwisha mwenzangu mzigo."

Fundi anasema alilia siku hiyo, kisha akaomba aonyeshwe swichi kuu iliko. Leo amerudi kuweka taa mpya sebuleni.

Sasa anataka kufungua karakana ya kufundisha wanawake umeme. Chumba ameshapata, kibao bado. Binti yake anashauri jina la heshima kidogo.

"Heshima gani?" bibi anadakia, ngazi hajaiachia. "Andikeni Miwaya, kwa herufi kubwa. Mimi nililitoa kwa ubaya, na rangi nanunua mimi."

Fundi anashuka, anabonyeza swichi. Taa inawaka.