Kitambaa cha Matanga kwenye Mkia wa Ndege

Kwetu vitu vya marehemu hugawanywa siku ya kuondoa matanga. Ndugu hukaa uani, vitu vikatolewa kimoja kimoja, na kila mmoja akaondoka na chake. Mwanangu wa kwanza alipokufa, nilijua mapema kwamba siku hiyo itakuwa ngumu, kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa kitu chochote kilichotoka chumbani mwake. Juu ya kabati lake kulikuwa na ndege.

Ilikuwa ndege ya kuchezea, ile inayoongozwa kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Mabawa yake yalikuwa marefu kama meza yetu ya kulia. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa frigoliti, kile kitu cheupe chepesi ambacho televisheni hufungiwa nacho ndani ya boksi ili isivunjike. Alizunguka kwa majirani akikiomba. Mota na rimoti zilikuja kwa mashua kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kuzingoja kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Alikuwa fundi wa simu karibu na soko. Mchana alitengeneza simu za watu, jioni alitengeneza ndege yake, na sikuona ubaya wowote.

Lakini hapa kwetu Kalemie neno ndege lina upande wake mwingine. Tangu utotoni tumesikia habari za walozi wanaosafiri usiku kwa ndege zao, ndege za maganda ya karanga, wanaofika mbali na kurudi kabla ya alfajiri. Mwanangu aliugua akiwa mzima kabisa, macho yakawa ya njano, na kabla hatujaelewa ugonjwa tulikuwa tunachimba kaburi. Maneno yakaanza kisimani. Wengine walisema alikuwa anajenga ndege, basi ndege imempeleka. Wengine walisema alitakiwa amtoe mama yake kafara, akashindwa, wakamchukua mwenyewe.

Mke wangu aliyasikia hayo akiwa na ndoo kichwani. Alirudi nusu ya maji yakiwa yamemwagika kwenye nguo yake nyeusi.

"Papa," aliniambia, "hii nyeusi sitaivua, kama watu wanasema mutoto yangu alikuwa mulozi."

"Watu watasema tu, Mama."

"Basi waseme kitu kingine."

Dada yangu mkubwa alitaka ndege ichomwe kabla ya siku ya matanga, kimyakimya, nyuma ya nyumba. Nilikaribia kukubali. Aliyenizuia ni mwenzake mwanangu wa kazi, fundi waliyekaa naye meza moja pale sokoni. Alikuja kutusalimia, akasikia habari ya kuchoma, akaniita pembeni.

"Papa, ile ndege ya walozi inaruka mchana?"

"Mimi sijaiona hata ya usiku."

"Njo hivyo. Hii tuirushe mchana, siku ya matanga, watu wote wakiwa wamesimama. Waione ni kazi ya mikono. Nani atasema tena?"

Mke wangu aliposikia, alisema ndiyo kabla sijamuuliza. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: ndege iruke, jina la mtoto wetu lisafike, mama yake avue nyeusi.

Lazima niseme kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kurusha kitu kama kile. Hata mwanangu hakuwahi. Yeye na mwenzake walikuwa wanaangalia video kwenye simu walipokuwa na mega za intaneti, wanaona Wachina na Wazungu wakirusha, wanarudia kuangalia. Walikuwa wamewasha mota, wamechezesha mkia kwa rimoti, basi. Kuiachia hewani bado.

Siku moja kabla ya matanga tuliishusha kutoka juu ya kabati. Mwenzake aliiinua kwa vidole viwili tu, kimoja chini ya kila bawa. Pua ikainama kidogo. Akasogeza batri nyuma, akainua tena, akasogeza tena, mpaka ndege ikatulia juu ya vidole vyake bila kwenda mbele wala nyuma. Akaifunga batri hapo kwa utepe wa skochi.

"Hapo njo sawa, Papa. Muntu asiiguse tena."

Nikasema hakuna atakayeigusa.

Asubuhi tulikwenda misa. Tuliporudi, wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa uani na sare ya matanga, kitenge cha bluu chenye majani, kama tulivyokubaliana. Dada yangu alikuwa na vipande vilivyobaki kwa fundi cherehani. Alisimama mbele ya ndege, mikono kiunoni, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sisi wote tumevaa," alisema. "Na huyu anakwenda mbele ya watu uchi?"

Huyo ndiye aliyetaka kuichoma. Sasa alitaka kuivika. Mimi niliona tumeshinda.

"Mubandike kwa mabawa," alisema mmoja.

"Mabawa wapi! Hamujaona ile inatua hapa kwetu? Ndege ya kweli, bendera iko kwa mkia."

Wakapika uji mzito wa unga wa muhogo, ule ule wanaobandikia picha za wagombea ukutani. Wakapaka mkia mzima, wakabandika kitenge huku na huku, wakapaka tena juu yake ili kisibanduke, wakakandamiza kwa viganja. Ilipendeza, siwezi kukataa. Mke wangu alikuja akakinyoosha kitambaa pembeni kwa kidole, taratibu, kama anavyonyoosha kola ya mtu anayekwenda kanisani.

Mwenzake mwanangu alifika wakati wanakausha mikono. Alisimama. Kisha akanivuta shati.

"Papa, kwa mkia?"

Dada yangu alimsikia. "Wewe kijana ya telefone, kwenu munazikaka watu bila nguo?"

Wanawake wakacheka. Kijana akainama. Nani angekwenda kubandua nguo ya matanga mbele ya wale mama, siku ile? Yeye si wa ukoo wetu. Na mimi sikufikiri kitambaa kina uzito. Mtu anavaa kitenge kutwa nzima na hachoki. Nilishukuru tu kwamba hakuna aliyegombana.

Watu wakala, wakasimulia, wakala tena. Mwanangu alikuwa anasema ndege ndogo hurushwa asubuhi sana, ziwa likiwa limelala. Lakini misa haisogezwi, wala chakula cha wageni. Tulipofika uwanja wa mpira, ule ulio karibu na reli, upepo wa ziwa ulikuwa umeamka na vitenge vya wanawake vilikuwa vinapigapiga miguuni. Watu walikuwa wengi kuliko waliokuja kuzika. Wale wa kisimani walikuwepo pia. Mke wangu hakukaa na wenzake. Alisimama mbele, peke yake, katika nguo yake nyeusi.

Mimi ndiye niliyetakiwa kuirusha kwa mkono, na mwenzake mwanangu ashike rimoti.

"Usitupe juu, Papa. Sukuma mbele, kama unafungua mulango."

Mota ikalia. Nikakimbia hatua chache, kwa umri wangu huu, nikasukuma mbele kama alivyosema.

Iliruka. Iliondoka mkononi mwangu na kuinua pua, na watu wakapiga kelele, na mimi nikapiga. Kupanda ndicho tulichokuja kuona. Ikaendelea kuinua pua. Ikaonyesha tumbo lake lote jeupe. Ikasimama wima hewani, mkia chini, mota ikilia sana na ndege haiendi mahali popote.

"Inakataa!" alipiga kelele mwenzake, kidole kikisukuma rimoti mpaka mwisho. "Papa, nasukuma chini, inakataa!"

Ikalala upande wa bawa moja, ikajizungusha, ikaja chini kwa pua. Sauti ya kuanguka ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekalia boksi tupu.

Kisha nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, bila hata kunong'ona: "Mwenyewe hataki."

Tulikuja kumtoa katika neno hilo la ulozi, na sasa tulikuwa tumeliongeza. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesikia. Alikuwa ametazama pale ndege ilipoanguka na hakugeuka.

Aliyetembea kwanza ni jirani yetu anayeuza makaa, mmoja wa wale wa kisimani. Alikwenda pole pole mpaka kwenye vipande, akaogopa kidogo, akagusa kwa ncha ya kandambili, halafu akainama na kuokota kipande cha bawa.

"Eh! Hii si frigoliti ya televisheni yangu? Aliniomba, akasema ya kuweka samaki!"

Wengine wakaingia uwanjani. Wakaanza kugeuzageuza vipande.

"Na hii ni kijiti cha kamundele, ya kuchomea mishikaki! Bado inanuka nyama."

"Mulozi gani anarukaka na kijiti cha kamundele?"

"Mulozi ya kamundele!"

Kicheko kikaanza hapo kikaenea uwanja mzima. Watu walishikana mabega. Mtu mmoja alikaa chini kabisa kwenye vumbi, akifuta machozi. Hakuna aliyesema tena kwamba mwenyewe hataki. Hata yule aliyesema alikuwa anacheka.

Jioni ile vitu viligawanywa bila shida. Bisibisi zake, taa yake, koleo, vyote vilipata wenyewe, na watu wawili waligombea kifaa chake cha kuchomelea. Mke wangu alitoka chumbani akiwa amevaa kitenge cha sare.

"Wanacheka, Papa."

"Nimesikia."

"Afadhali wacheke."

Kwake ilitosha, na ni yeye aliyekuwa anakwenda kisimani. Kwangu haikutosha, na mpaka leo haijatosha.

Kabla hatujaondoka uwanjani, mimi na mwenzake mwanangu tuliokota vilivyobaki. Mkia ulikuwa mzima. Aliuweka kwenye kiganja changu, akaweka bawa zima kwenye kiganja kingine. Mkia ulikuwa mzito kuliko bawa. Chini ya kitambaa uji ulikuwa bado mbichi.

"Mukia ikizidi, pua inapanda," alisema. "Pua ikipanda sana, hewa haishiki tena bawa. Inaanguka tu. Jana ilikuwa sawa, Papa."

"Jana ilikuwa sawa," nikasema.

Sasa mwanangu si mlozi tena. Sasa ni yule kijana aliyedhani frigoliti ya televisheni itaruka. Watu hunisalimia wakitabasamu, na hawana nia mbaya. Mwenzake alisema tunaweza kujenga nyingine. Nilimwambia ajenge, lakini itakuwa yake. Ikiruka, itakuwa imeruka ya kwake. Ya mwanangu iliruka mara moja, ikiwa imevishwa na sisi.

Wakati mwingine mtu huniuliza kwa nini ilianguka. Huanza kumweleza habari ya mkia, na uji wa muhogo ambao haukuwa umekauka, na upepo wa mchana. Kabla sijafika mbali huwa ameshaanza kucheka, na mimi hunyamaza nikamngoja amalize.