Mama Mkwe Anizuia Darasa la Leseni, na Sababu ya Kifo cha Mwanawe Ninayo Kooni

Msomaji wetu huyu wa Mombasa bara ametuomba tumfichie jina, nasi tumemfichia. Msomeni kwa huruma.

Assalaam aleikum, ndugu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mjane, mama wa mabinti wawili. Naishi kwa mama mkwe, pande za Changamwe, mtaa msiniulize. Kazi yangu ni fundi wa stima mwenye leseni. Najua wanawake wa kazi hii hatuko wengi, kwa hivyo atakayenitambua, tafadhali, anistiri. Mama mkwe wangu hasomi gazeti, lakini majirani wanasoma, na midomo wanayo.

Stima nilifundishwa na marehemu mume wangu. Nilianza kwa kumshikia ngazi, nikaja nikavuta nyaya, mwisho akanisukuma nikafanya mtihani. Ndugu zake walicheka, "Mwanamke na waya, wapi na wapi?" Yeye akawajibu, "Mtanyamaza akiwatilieni taa." Leseni yangu ilipotoka mwaka jana alinunua halua akagawa mtaa mzima, utadhani kajaaliwa mtoto. Leo hayupo.

Kazi yetu haina kumaliza kusoma. Kila baada ya muda mafundi wenye leseni huitwa mjini, wakakaa darasani wiki nzima wakifundishwa mambo mapya, ndipo leseni zihuishwe. Safari iliyopita mimi sikuwa na leseni bado, aliitwa mume wangu. Bahati mbaya wiki hiyo ikaangukia arobaini ya baba yake. Mama mkwe akasema haiwezekani, kifungua mimba akae darasani na huku watu wanamsomea babake khitma! "Darasa litarudi," akamwambia, "arobaini ya babako hairudi." Mume wangu hakubishana. Alichinja, akapokea wageni, darasa likampita. Wakati ule wanaotoa leseni hawakuwa wakali, aliyekosa aliambiwa atahudhuria lijalo.

Hakulifikia. Baada tu ya Idi aliitwa kutengeneza stima katika nyumba ya kupangisha huko Bamburi. Alizima swichi kubwa, akapima, akaona nyaya hazina kitu, akapanda ngazi. Kumbe mwenye nyumba alikuwa amenunua jenereta, maana stima siku hizi inapotea kila uchao, na alikuwa ameiunga ovyo kwenye nyaya za nyumba bila kumwambia mtu. Mlinzi alipoona stima hakuna, akaenda nyuma akaiwasha, kwa nia njema tu, maskini. Umeme ukarudi kwenye waya aliokuwa ameushika mume wangu. Nikaletewa maiti.

Siku za matanga alikuja fundi mwenzake kutoa rambirambi. Kwa kuwa niko eda, nilizungumza naye nyuma ya pazia, na mama mkwe alikuwa uani akimpikia chai. Yule bwana akaangua kilio. "Shemeji," akaniambia, "hili ndilo tulilofundishwa wiki ile! Jenereta, jenereta, mpaka tukachoka. Kwamba usiguse waya kabla hujauliza kama nyumba ina jenereta, na ikiwapo uifunge kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako. Lau angekuwapo..." Nikamwambia, "Nyamaza, mama anakuja." Tangu siku ile neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Haliteremki wala halitoki.

Sasa nami nimeitwa. Darasa linaanza Jumatatu ijayo, na safari hii wamekaza: asiyehudhuria, leseni yake inalala. Ikilala, siruhusiwi tena kuchukua kazi kwa jina langu, na wanangu hawana mtu mwingine wa kuwalisha. Eda yangu haijafika hata nusu. Kaka yangu alikwenda kumuuliza ustadh, akajibiwa kwamba mjane mwenye dharura aweza kutoka mchana, mradi magharibi imkute nyumbani. Nilifurahi nikadhani yamekwisha. Yako wapi! Mama mkwe akasema, "Dini naijua kabla hujazaliwa. Lakini ukiuvuka mlango huu mwanangu angali mbichi kaburini, usirudi. Na wajukuu wangu utaniachia."

Msije mkamtukana. Si mtu mbaya. Nikikataa kula hunilisha kwa mkono wake, na kila alasiri hukaa kando yangu akaniuliza, "We unayejua mambo ya stima, hebu nambia, mwanangu alikosea wapi?" Nami humjibu, "Hakukosea, mama. Ni ajali tu." Akaitikia, "Alhamdulillahi," akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Jana nilimwomba tena. Nilimpigia magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti. Akanishika kichwa, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, jifunze kwa mumeo. Nilimwambia abaki arobaini ya babake, akabaki, hata neno hakunijibu. Radhi zangu zote kaenda nazo. Na wewe nisikilize, nikupe zako."

Nilifungua mdomo, ndugu zangu. Neno lilifika kwenye ulimi kabisa. Nikamtazama lile tabasamu lake la kumkumbuka mwanawe, nikalimeza.

Nikimwambia, najua ataniruhusu. Ataniruhusu siku hiyo hiyo, halafu ataishi vipi yeye? Nikinyamaza, leseni aliyonihangaikia mume wangu inakufa nyuma yake, na wanangu wanalala njaa. Nikitoka bila ya kusema, nawapoteza yeye na wanangu pamoja. Jumatatu ndiyo hiyo inakuja. Nyinyi wenye mama, na nyinyi mliozika watoto, nishaurini: nimwambie, au niende nalo kaburini?