Rangi ya Kucha Haizungushi Mota

Naungama mapema: nilichukua waya mmoja wa umeme, nikautolea matawi matatu, nikapaka la kwanza rangi nyekundu ya kucha ya mama, la pili bizari yake ya manjano, la tatu buluu ya kufulia. Nikajiambia, hizo hapo fezi tatu.

Usicheke. Shule yetu, kama nyumba zote za mtaa wetu hapa Mji wa Kale, ina umeme wa fezi moja. Ule wa fezi tatu, wa nyaya tatu zinazopokezana, uko bandarini Kilindini, unainua makontena. Mwalimu wa umeme alitaka tuuigize kwa volti kumi na mbili, hata ukiushika usikudhuru, wazazi waone mota ndogo ikizunguka siku ya maonyesho. Kazi akanipa mimi, mwenye kesi nyingi kuliko vitabu.

"Isipozunguka Jumamosi, darasa langu utalihama."

Na nafasi ile ya darasani mama aliniombea mwenyewe. Alimwendea mwalimu mara tatu, na buibui lake la Idi.

Mota yangu ya rangi tatu ilinguruma tu, kama mtu aliyeamshwa kula daku na hataki. Mwalimu akanusa waya wa njano.

"Hii ni nini?"

"Fezi ya pili, mwalimu."

"Hii ni bizari! Nyaya zako zote zinasukuma kwa pamoja. Kile kibao nilichokupa kiko wapi?"

Kibao chenyewe ni cha kompyuta, kidogo kama kiberiti. Hupokea umeme, kikautoa kwa kila waya kwa wakati utakaokiambia. Mimi nilikuwa nakiwekea kikombe cha chai. Wakati gani nikiambie, ndiyo hesabu iliyonishinda.

Alhamisi nilirudi nyumbani nikakuta viungo vya pilau ya harusi ya jirani vinatwangwa uani. Kinu kimoja, michi mitatu: ya mama, khalati dada yake, na jirani mwenyewe. Wa mama ukigonga chini, wa khalati unashuka, wa jirani unapanda. Tu, tu, tu.

"Mbona hampigi pamoja mkamaliza mapema?" nikachokoza.

"Tugongane vichwa?" khalati akasema. "Hebu ondoka, kabla hujatwangwa wewe!"

Sikuondoka. Nilisimama nikihesabu. Duru moja, wanawake watatu, kila mmoja nyuma ya mwenzake kwa theluthi. Wallahi, nilirudi shule mbio na viatu mkononi, nikaunga kila waya wa rangi kivyake kwenye kibao, nikakiambia hivyo hivyo.

Jumamosi mota ilisita, ikatetemeka. Ikazunguka! Wazazi wakapiga makofi.

"Nani amekuelewesha?" mwalimu akauliza.

"Michi, mwalimu. Mama na wenzake."

Wote wakacheka, mimi nikiwashinda, mpaka nilipomwona mama ameuinamia waya mwekundu, mara anautazama, mara anatazama kucha zake. Rangi sikuwa nimeifuta.

Mwalimu akamwambia nimebaki darasani. Mama akamshukuru kwa adabu zote, kisha akanigeukia:

"Hongera, mwanangu. Harusi ijayo, mchi wa tatu ni wako."