Nukta Tatu za Mama

Mama yangu anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu. Alifunzwa na babake huko Unguja, na hizi za Kizungu hataki hata kuziona. Masikio yamemwishia, simu hasikii, kwa hiyo tangu nihamie mtaa wa Al Khuwair huku Uarabuni, naye abaki mtaa wa Wattaya, tunaandikiana. Bila ya ujumbe wake, sina mama wa kuzungumza naye mpaka Ijumaa ninapokwenda kumtazama.

Tatizo lilikuwa nukta. Kiarabu hakina p, ch wala v. Kwa kalamu, mama huchukua herufi iliyo karibu akaipa nukta tatu, kama alivyofunzwa. Kwenye simu hakuziona, akawa anaandika hivyo hivyo pungufu, na a mbili akiziandika moja. "Pole" ikawa "bole". Siku moja, hajati mzima aliyekwisha kuhiji, aliniandikia: "Shangazi yako anakuja harusini, na mimi bia." Nilicheka ofisini mpaka machozi, kisha nikazoea kukisia.

Asubuhi moja nikiwa mkutanoni nikapata maneno mawili: "Njoo. Nafa."

Sikuaga mtu. Barabara kuu imejaa, nami napiga honi, nalia, namtukana kila aliye mbele yangu, Mungu anisamehe. Nilimkuta mama mbele ya kioo, mkono mmoja ndani ya abaya, mwingine bado. Nikamwonesha simu.

"Wewe! Hii navaa," akasema. "Leo si daktari wa macho? Nlikwambia tokea juzi."

Nilikuwa nimesahau. Badala ya kuomba radhi, nikamfokea asiniandikie tena. Maneno hakuyasikia, lakini uso wangu aliusoma vizuri. Akaitia simu mkobani, na kwa daktari hatukwenda. Siku mbili hakuniandikia hata salamu, na mimi nikashika simu kutwa nzima kama mgonjwa.

Siku ya tatu nikaenda kwa fundi wa simu, Mbaluchi mmoja pale Wattaya. Kuuliza si ujinga, nikamuuliza p, ch na v nitazipata wapi.

"Ukhti, bonyeza fe," akaniambia kwa Kiarabu, akinionesha herufi ya f, "na kidole usinyanyue."

Nikabonyeza. Juu ya fe ikachomoza v, na nukta zake tatu. P ilikuwa imejificha kwenye b, ch kwenye j. Zilikuwepo siku zote! Fundi akanieleza kwamba kila herufi ina namba yake, moja kwa simu zote duniani, na isiyo na namba huonekana kisanduku kitupu tu. Kwao nako, katika lugha yao, wanaitumia hiyo hiyo p, akasema. Nikawafikiria watu waliokaa wakazipa herufi hizi namba, ambao pengine Kiswahili hawajapata kukisikia. Niliwaombea dua pale pale dukani. Naendelea kuwaombea.

Jioni nikamwomba mama radhi, nikamshika kidole nikamwonesha. Akabonyeza, akaiona p, akacheka kama mtoto. "Kumbe baba yangu yumo humu," akasema.

Siku ya miadi mipya ya daktari nilikuwa ofisini, funguo za gari tayari mkononi, simu ikalia.

"Njoo taratibu. Navaa. Zihesabu nukta, ni tatu. Bado nipo."