Sikio la Babu

Frauke Tjarks alikuwa fundi wa maabara ya masikio mjini Leer, Ujerumani, tangu usichana wake, na kwa wivu, mama yule hakuwa na mpinzani.

Kazi yake ilikuwa kupima jinsi panya wa jangwani wanavyopoteza usikivu wakizeeka. Unamlaza panya kwa dawa, unamchoma visindano vyembamba kichwani, unampigia mlio, unaupunguza kidogo kidogo mpaka mawimbi ya ubongo yapotee kwenye skrini. Mzee kuliko wote alikuwa Babu, na Babu alikuwa wa Frauke. Akimpigia kidoko cha ulimi tu, sikio lile linamgeukia.

Basi akaja Svea, fundi mpya. Msichana ana kicheko, ana mikono myepesi, na Profesa, mkuu wa maabara, akamkabidhi Babu.

"Bi Tjarks, pumzika kidogo."

Apumzike! Kwani kaomba? Halafu msichana mwenyewe, loo, anakoroga chai, na kwao Leer chai haikorogwi! Sukari ya mawe imelala chini, malai yako juu, naye anavuruga vyote kwa kijiko kama anachanganya rangi ya ukuta, na watu wanamchekea tu. Frauke alichemka.

Siku ya kipimo, Babu alipokwisha kulazwa, Svea akaenda kunawa mikono. Frauke akachomoa waya wa mkeka wa joto aliolazwa Babu. Panya aliyelala akipoa mwili, mawimbi yake hufifia, akadhaniwa kiziwi. Alitaka kipimo kiharibike, msichana aumbuke, basi.

Svea hakuumbuka. Profesa alitazama skrini akatikisa kichwa.

"Babu kaisha huyu. Asiamshwe. Tumtoe masikio tukayatazame kwa hadubini."

"Jamani, maskini Babu wa watu," Svea akasema, machozi yakimlengalenga.

Frauke akasogea mezani. Angenyamaza, nani angejua?

"Ana baridi tu," akasema. "Waya nimeuchomoa mimi."

"Wewe, Bi Tjarks? Kwa nini?"

"Wivu, Profesa. Wivu tu."

Wakampasha joto, wakampima upya. Babu anasikia kuliko wajukuu zake! Frauke akaondolewa kwenye vipimo, akapewa vizimba vya kuosha.

Kesho yake alipita na toroli mbele ya Babu, akampigia kidoko. Wakati huohuo Svea, kule dirishani, aliangua kicheko. Sikio la Babu likasimama, likageuka, likaelekea dirishani.