Siku Niliyogeuka Roboti Darasani

Aibu hii nimeificha muda mrefu, ila leo tuko wenyewe kwa wenyewe, acha niwaambie. Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, nafundisha darasa la tano huku Bahi, bado sijathibitishwa, na asubuhi hiyo mwalimu mkuu akanijulisha kwamba afisa elimu kata atakaa kwenye kipindi changu. Nilipanga kufundisha namna kompyuta inavyofuata hatua (kompyuta yenyewe hatuna, ndiyo maana nilikuwa naokoteza video za mafunzo mtandaoni), na video niliyoipenda ilisema mwalimu ajifanye roboti, wanafunzi wampe amri moja moja, naye atii kama alivyoambiwa. Bando likakata katikati. Nikasema nimeshaelewa, inatosha.

Afisa akakaa mbele, suruali ya krimu imenyooshwa vizuri, faili mapajani. Mezani pake kulikuwa na chupa ya chai na kikombe alivyoandaliwa, nami kwa kimbelembele nikaona hivyo ndivyo vifaa vya kufundishia. Nikawatangazia watoto: "Kuanzia sasa mimi ni roboti. Sifikirii. Nasikiliza amri zenu tu, za mtu mwingine hapana."

Yolanda, msichana ambaye darasani huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono. "Shika kikombe." Nikashika. "Fungua chupa." Nikafungua. "Mimina chai." Nikamimina, kikombe kikajaa, nikaendelea, maana hakuna aliyesema niache, chai ikatambaa mezani, watoto wamekodoa macho kwa furaha, na mimi najisifu moyoni kwamba wanajifunza, mpaka nikaiona inadondokea kwenye faili na ile suruali (ilikuwa vuguvugu, namshukuru Mungu).

"Madamu, acha," mwalimu mkuu akasema kutoka mlangoni.

Nami, sijui nilipitiwa na nini, nikamjibu kwa sauti ya puani: "Amri haijatambuliwa."

Darasa zima likacheka. Hapo akili ikanirudi, nikaanza kufuta suruali ya mtu mzima kwa kifutio cha ubao (chai na chaki vikichanganyika sitaki hata kusimulia), huku nawaza nitamwambiaje mama kwamba kazi imekwisha.

Afisa akanizuia mkono, akawageukia watoto. "Nani kakosea hapa?"

Yolanda akasimama. "Sisi. Tulimwambia amimine, hatukumwambia aache wakati gani."

"Ungemwambiaje?"

"Mimina mpaka kikombe kikaribie kujaa, halafu acha."

Mzee yule akacheka taratibu, akaandika kitu kwenye karatasi yake iliyolowa, na alipokuwa anatoka akaniambia, "Somo limeingia, mwalimu. Siku nyingine tumia maji ya baridi." Nikaenda nyuma ya darasa nikaegemea ukuta, nikashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mpunga. Barua ya kuthibitishwa ilipokuja niliisoma mara tatu, nikalia.

Tangu hapo sifundishi kitu cha mtandaoni kabla sijakitazama chote na kukijaribu nyumbani na mdogo wangu, na mwalimu mkuu akisema acha, naacha.