Bomba la Jirani na Waridi la Mama

Madaktari walikuwa wamekwisha kumrudisha mama nyumbani alipoanza kuniulizia majani ya waridi lake. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umeshinda kila dawa. Alilala chumba cha mbele ambacho dirisha lake linatazama ua wetu hapa Korogwe, lakini macho yake hayakufika tena hata dirishani. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda kutazama kwa niaba yake, nikarudi kumweleza.

Waridi lile alilileta mwenyewe aliposhuka kutoka milimani Usambara kuja kuolewa. Lilikuwa kijiti kimoja kilichofungwa kwa gome bichi la mgomba. Watu wa huku bondeni walimwambia halitashika kwa joto hili. Lilishika. Siku aliyonieleza mazishi yake ayatakavyo, alitaja nyimbo, akataja mahali, kisha akasema, "Juu ya jeneza uweke ua langu. Hayo ya plastiki msiniletee. Mimi si ndoo."

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Mambo ya mimea nimejifunza peke yangu, kwa vijitabu vya zamani na kwa kuharibu. Cherehani kikikata uzi, sikimbilii kubadilisha sindano; nafuata kwanza uzi ulikopita. Kwenye waridi nilifanya vivyo hivyo. Majani yalikuwa na madoa meusi upande wa juu, ya mviringo, kingo zake zimechanika-chanika kama wino uliomwagika kwenye karatasi mbaya. Pembeni ya doa jani linageuka njano, kisha linadondoka, kuanzia chini ya shina kwenda juu. Niligeuza majani kutafuta utitiri mwekundu na utando wake, haukuwapo. Nilifukua kidogo shinani kutafuta mchwa. Hakukuwa na mchwa. Ulikuwa ukungu, na mlezi wake nilikuwa mimi. Kila jioni nilikuwa nikiyamwagia majani maji kwa kata ili kuondoa vumbi la barabara, yakalala yamelowa.

Nilikata matawi yaliyojaa madoa, nikaokota kila jani lililoanguka, nikayachoma. Maji nikaanza kumwaga asubuhi, shinani tu. Baada ya wiki kadhaa yalichipua majani mapya yenye wekundu, na juu yake vitumba vinne.

"Vingapi?" mama aliuliza.

"Vinne."

"Basi nitavisubiri. Lakini uviambie viharakishe."

Kisha mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na madoa mawili matatu yakarudi kwenye majani ya chini. Ningeweza kuyachuma kwa mkono. Lakini mama alikuwa ameacha kula, na mimi nikashikwa na haraka. Nilinunua dawa ya ukungu kwenye duka la pembejeo, nikaenda kuazima bomba la kupulizia kwa jirani, Mzigua mmoja wa Handeni anayelima mahindi Mashewa. Bomba lake la mgongoni linahudumia mtaa mzima. Kwetu kuazima bomba ni kama kuazima kinu. Humuulizi mwenyewe ametwanga nini. Ukiuliza, ni kama umemwita mchafu.

"Nimelisuuza, kaka," alisema. "Chukua tu. Mpe mama pole."

Nilipima dawa kwa kizibo, nikapima maji. Nilipulizia juu na chini ya kila jani, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sikukosea kipimo hata kidogo.

Siku ya nne ncha za matawi zilianza kujikunja. Majani machanga yalitoka membamba kama kamba, yamejipinda. Shingo za vitumba zikalegea, vikainama vyote vinne. Ukungu haufanyi hivyo. Nilirudi kwa jirani.

"Bomba lilikuwa na nini kabla yangu?"

"Dawa ya magugu, nini tena! Mahindi yangu ungeyaona, chini kweupe kama sakafu." Akacheka, halafu akaniangalia usoni. "Kaka. Usiniambie ni lile ua."

"Ndilo."

"Lakini nilisuuza. Wallahi nilisuuza, mara moja nzima."

Dawa ile haitoki kwa kusuuza mara moja. Hilo nilikuwa nimeshalisoma, tena nimelipigia mstari.

Mama sikumwambia. Nilimtuma mtu wa basi la Lushoto aniletee waridi moja, likafika limefungwa kwenye gazeti, jekundu, limenyooka vizuri. Nikaliweka mkononi mwa mama nikasema, "Limechanua." Alipapasa shina, akalisogeza puani, akakaa nalo muda mrefu.

"Hili si langu," alisema. "Langu linanukia."

Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye.

"Limekufa?"

"Ndiyo, mama. Nimeliua mimi, kwa dawa."

Alinirudishia ua. "Umelitibu sana," alisema. "Na mimi walinitibu hivyohivyo." Kisha akageukia ukutani.

Alifariki wiki iliyofuata. Waridi lilikuwa limebaki vijiti vya kahawia, na nilipokwaruza gome sikuona ukijani popote. Makaburini, msemaji alipofika kwenye mashada, alituita kwa zamu: wajukuu, majirani, kwaya. Mashada yote yalikuwa ya plastiki, yamefungwa kwenye nailoni. Alipomwita mtoto wa marehemu, mjomba alinisukumia moja mikononi.

"Shika, watu wanaangalia."

"Alisema asiwekewe, mjomba."

"Marehemu haoni. Shika!"

Nililirudisha kwapani mwake. Nikatembea hadi kaburini mikono mitupu, mbele ya watu wote, nikasimama pale kwa muda ambao mtu huhitaji kuweka shada. Nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Mtoto wa pekee, na hata ua hana."